Mwanangu, Petro Aliuliza Kwanza

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa sokoni Kibuye, wateja wakipiga kelele, nikasikia tu kwamba sauti imekukauka. Mara ya pili nyumbani. Mara ya tatu usiku, taa nimezima. Mambo haya si ya simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mtoto wa jirani ataipiga barua picha akutumie. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu kile kile. Baba yako alikuwa Mjaluo wa Seme, mimi Mmaragoli, na kila mmoja aliogopa kuchekwa katika lugha ya mwenzake, basi mkakulia humo katikati.

Unasema bosi wako hapo Nakuru anataka utie sahihi kwamba magunia 200 ya mbolea yameingia stoo, nawe umehesabu 140. Ukikataa atatafuta sababu ya kukufuta, na una mtoto, una kodi, una mkopo wa sacco ambao hujaufikisha nusu. Kisha ukaniuliza: "Mama, nikitoka kwa imani, nitajuaje kama ni Mungu amenishika mkono au ni hasira zangu zinanisukuma?" Na mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu anayejificha, ukanitajia mchungaji anayetaka upande mbegu ya shilingi 20,000 ili mlango ufunguke.

Nianze na mbegu kwa kuwa ni fupi. Usitoe. Sadaka yako ya kila Jumapili toa, na kwa furaha, lakini Mungu hauzi milango. Najua amekuhubiria mjane wa Sarepta. Mimi ni mjane, huyo mama namfahamu. Aliyemwomba mkate, nabii Eliya, alikuwa na njaa kama yeye, akakaa kwake, wakala unga wa chombo kimoja siku zote za ukame. Mchungaji wako akihamia kwako na kula sukuma wiki yako hadi mvua inyeshe, tutazungumza upya.

Sasa swali lenyewe. Naona una mambo mawili umeyafunga kwa kamba moja. Kuna sahihi, na kuna kuacha kazi. Hilo la sahihi halina ndoto ya kungojea wala maombi ya kufunga. Usishuhudie uongo lilishaandikwa kabla hujazaliwa, na ukipiga magoti kumwuliza Mungu kama 140 ni 200 unamchosha bure. Lenye giza ni la kuacha kazi.

Wahubiri wetu wanampenda sana Petro kwa sababu aliruka kutoka chomboni kumfuata Yesu juu ya maji. Hakuruka. Soma tena Mathayo 14. Alisema kwanza, Bwana, ikiwa ni wewe, niamuru nije. Akajibiwa neno moja, Njoo, ndipo akashuka. Na Maandiko yanasema ilikuwa zamu ya nne ya usiku, yaani baada ya saa tisa kuelekea mapambazuko. Siku nilipofahamishwa hivyo nilicheka peke yangu, maana hiyo ndiyo saa yangu. Zaidi ya miaka ishirini nimesimama ufuoni saa hiyo, leso kichwani, karai mkononi, nikihesabu taa za mashua za omena, dagaa wa ziwa letu, zikirudi. Maji ya saa hiyo nayajua. Ni meusi hata huoni yanapoishia na mbingu inapoanzia, na mtu akikuita kutoka huko utataka kwanza kujua ni nani. Petro alikuwa mvuvi, mwanangu. Alijua maji yanaua. Ndiyo maana aliuliza.

Na wale kumi na mmoja waliobaki chomboni hawakukemewa. Hapo wahubiri hupita mbio.

Mimi nimewahi kuruka bila kuuliza. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya kumzika baba yako. Mama mmoja wa ushirika wetu aliota ananiona kati ya magunia yaliyojaa, akasimama mbele ya wote akasema. Wote wakasema amina, nami nikaisema kuliko wote. Kesho yake nilichukua omena kwa deni, madebe kwa madebe, kiasi ambacho sikuwahi kukigusa. Omena ikipata jua la siku moja zuri juu ya nyavu inakauka. Isipopata, unajua mwenyewe. Mvua ilinyesha siku tisa. Ilibadilika rangi, ikatoa harufu, mwishowe nikawauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Deni lile nililipa mwaka mzima. Miezi miwili nilimlaumu Mungu, halafu nikakumbuka kwamba sikuwa nimemwuliza. Hata kalenda sikuiuliza. Ilikuwa Aprili, na nani Kisumu asiyejua Aprili ni ya mvua? Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu alimsomea na Zaburi, na bado Yesu hakujitupa. Nadhani alishuka kwa ngazi kama watu wengine.

Jambo la pili sijawahi kukusimulia. Kuna ufuo mmoja, sitautaja, ambako mwanamke asiye na mume hakuuziwa samaki kwa pesa peke yake. Mvuvi alitaka awe wako. Wanaita jaboya, nawe ni mtu mzima, sina haja ya kuendelea. Hiyo ilikuwa miaka tuliyokuwa tunazika kila Jumamosi na ugonjwa wenyewe hatuutaji kwa jina. Mwenye mashua alinitazama akaniambia, "Pesa yako ni nzuri, mama, lakini pesa si kila kitu." Nilikuwa na shilingi 600 kwenye fundo la leso na nyinyi watatu nyumbani. Sikuona malaika, sikusikia sauti. Jibu nililijua tu, kama unavyolijua wewe jibu la magunia yako. Nikasema hapana, nikageuka na karai tupu.

Na hapa nikuambie kile ambacho ushuhuda wa kanisani hukiruka. Asubuhi iliyofuata hakuna mlango uliofunguka. Kwa miezi saba nilinunua omena kutoka kwa wanawake wenzangu, wao wakiwa wameshaongeza bei yao, na faida yangu ikawa ya unga na chumvi. Shuleni ulivaa sweta ya dada yako, mikono imekunjwa mara mbili. Kuna siku nilipita karibu na yule mwenye mashua na moyo ukaniambia rudi. Sitakudanganya. Nilipunguza mwendo.

Kilichotutoa hapo kilianza kama mzaha. Tulikuwa wanawake watano wa chama kimoja, wote tumechoka, mmoja akasema, kwani mashua huzaliwa na wanaume? Tukacheka, kisha tukanyamaza. Wiki nzima tulikuwa tukihesabu. Mbao, misumari, fundi, nyavu, karabai na mafuta yake ya taa, malipo ya wavuvi wanne, na ni nani atakayelala ufuoni kulinda. Yesu mwenyewe katika Luka 14 anasema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, nasi tulihesabu hadi viberiti. Niliuza baiskeli ya baba yako. Hilo lilinichukua siku mbili za kulia, naomba unielewe kwa nini nilikuambia imeibwa.

Mashua yetu iliingia majini 1997. Neno tulikuwa nalo, hesabu tulikuwa nayo, maombi tulikuwa tumeomba hadi sauti zikaisha. Na hiyo ndiyo miaka gugu maji lilipoifunika ghuba yetu, kisha mvua za El Niño zikaja juu yake. Wewe ulidhani ni shamba. Uliniuliza nani amelima ziwa. Wiki tano mashua ilikaa imefungwa kwenye kijani kile kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Wavuvi wetu wakaondoka mmoja mmoja. Mwenzetu mmoja alisema Mungu ametuaibisha mbele ya wale wanaume, na sikuwa na la kumjibu. Mtu akikuambia kwamba ukitii tu mambo hunyooka, mwulize amewahi kumiliki mashua wapi.

Kisha usiku mmoja upepo ukageuka. Nilisikia mabati yakipiga, nikaogopa kwa ajili ya paa, wala sikufikiria ziwa. Alfajiri tulikuta lile gugu limesukumwa kando na kuna njia ya maji, nyembamba, ya mashua moja kupita. Ni upepo kama ule uliomtisha Petro. Siku tatu baadaye njia ikafungwa, ikafunguka tena, ikafungwa, na sisi tukawa tunavua siku ilipokuwapo. Wale wadudu wadogo walioachiliwa ziwani kula gugu nao walifanya kazi yao polepole. Nawahesabu katika majibu ya maombi, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba wadudu. Mashua ile ndiyo iliyokulipia karo hadi kidato cha nne.

Mama yangu, huyo uliyebeba jina lake, alikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, wanaoomba kwa kukaa kimya. Ukimpelekea jambo alikaa kimya kwanza hadi unadhani amesinzia. Alipenda kusimulia habari za wale wamishonari watatu wa Kimarekani wa kanisa hilo waliofika Kaimosi 1902, reli ikiwa imefika ziwani Desemba ya mwaka uliotangulia. Waliacha kwao wakaja wasikojulikana. Lakini, alikuwa akisema huku ameinua kidole, hawakupiga hema popote tu. Walitafuta mahali penye msitu na maporomoko ya maji ya kuendesha mashine ya kupasua mbao. "Walikuja na Biblia na msumeno," ndivyo alivyomaliza kila mara, na hakueleza zaidi.

Basi msumeno wako ni huu. Hesabu magunia mbele ya mwenzako mmoja, uandike 140 kwa kalamu, tarehe na saa, halafu utie sahihi hiyo. Piga picha, ukae nayo. Usigombane na mtu. Usiandike barua ya kujiuzulu. Kijana wa hapa jirani anayesomea sheria ameniambia kuna Sheria ya Ajira ya 2007, kwamba mwajiri kabla ya kukufuta kwa makosa lazima akueleze kosa kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua. Sijui kama bosi wako ameisoma. Wewe isome. Na uende sacco wiki hii, kabla ya mambo kuharibika, uwaulize mkopo unaweza kupangwa upya namna gani. Mtu anayekuja mapema husikilizwa tofauti na anayetafutwa.

Kuhusu hasira, yako naijua, ni ya baba yako: hupanda upesi na hutaka mashahidi. Iache ishuke. Ikipita wiki tatu na bado unataka kutoka, na humtafuti mtu wa kukuona ukitoka, hapo lirudishe kwa Mungu, ukae kimya kama bibi yako. Inawezekana Njoo yako ikaja kupitia kazi nyingine. Inawezekana ikaja ndani ya bahasha, ina muhuri wa kampuni, inasema hawakuhitaji tena. Nisingependa, lakini nimeona mambo yakija hivyo.

Siwezi kukuahidi kwamba hutazama majini. Petro alizama, na alikuwa ameitwa. Ninachokiona pale ni kwamba yowe lake lilikuwa na maneno mawili tu, Bwana, niokoe, na mkono ukamfikia papo hapo; kwa hiyo aliyemwita hakuwa mbali naye hata kidogo. Usiku ule wa mwendo wangu kupungua mbele ya yule mwenye mashua, sikuwa na hata hayo maneno mawili. Nilisema "Wewe!" nikaendelea kutembea.

Mtoto mwambie bibi amepata ule wimbo alioimba kwenye simu na ameurudia hadi kuku wameuzoea. Nimekutumia gorogoro mbili za omena kwa matatu ya kesho asubuhi, zimekauka vizuri, jua la wiki hii limekuwa kali. Usizioshe kwa maji ya moto sana, zitavunjika.

Na kile chumba cha nyuma nilichokuwa nimekijaza mahindi, jana nimeanza kuyahamishia jikoni, gunia moja moja, mgongo nao si wa jana. Yamebaki manne. Kitanda chako bado kiko pale chini yake, mguu mmoja umelegea, nimemwambia fundi aje Jumatano.

Mama yako