Kitambaa ni kile kile, mbona rangi imebadilika?

Mafundi cherehani wenzangu hili mnalijua, mteja anachagua mwenyewe kitambaa cha kijivu cha kuunganishia mikono, kizuri kabisa, ukishakishona pembeni ya kitenge chekundu anaanza mbona kama kina ukijani, hiki sio nilichochagua. Na kweli anauona huo ukijani, hajidai. Ila kitambaa hakijabadilika hata kidogo, akili yake ndo imekibadilisha, maana akili haisomi rangi moja peke yake, inailinganisha na iliyokaa jirani.

Jaribu leo hapo ulipo. Kata vipande viwili vya kijivu kutoka kwenye kitambaa kimoja, weka kimoja juu ya cheusi na kingine juu ya cheupe, cha kwenye cheusi kitang'aa, cha kwenye cheupe kitakoza. Ukijua siri yake bado utaona hivyo hivyo, na hapo ndo mimi huwa nashangaa kila siku.

Chevreul, mkemia wa Ufaransa aliyekuwa anasimamia rangi za nyuzi pale Gobelins, kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani huko Paris, alikutana na malalamiko kama yetu, kwamba nyuzi nyeusi za kiwandani hazikolei, akachunguza akakuta rangi iko vizuri tu, shida ni kwamba ile nyeusi ilikuwa inafumwa karibu na bluu na zambarau. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu mambo haya. Na lile gauni la 2015 lililogombanisha watu mtandaoni ni ndugu ya haya haya, lilikuwa la bluu na nyeusi, ila picha haikuonyesha vizuri limepigwa na mwanga gani, kwa hiyo kila akili ikakisia mwanga wake na wengine wakaona nyeupe na dhahabu.

Sasa ufanyeje? Usichague kitambaa kikiwa kwenye rundo dukani, nenda na kipande cha kitenge chenyewe, viweke pamoja, halafu toka navyo nje kwenye mwanga wa mchana kwasababu taa za dukani nazo zina mambo yao. Uzi usiuangalie ukiwa kwenye kibunda, vuta kidogo uulaze juu ya kitambaa. Na mteja akibisha, usibishane nae jamani, toboa karatasi nyeupe matundu mawili, moja likae juu ya nguo ilipo kijivu na jingine juu ya kipande kilichobaki, mwambie aangalie mwenyewe.