Muulize Shangazi: Wenyeji huku, watu wa kuja kule

*Shikamoo Shangazi. Ninasimamia wabanguaji 26 wa korosho hapa Newala. Tangu bosi alete vijana 6 kutoka Mwanza, wenyeji wanawaita "watu wa kuja", hata chakula cha mchana wanakula mbalimbali. Korosho za kuvunjika zimezidi, na vijana wawili wameshaaga. Nimshauri bosi kila kundi liwe na chumba chake?*
*Msimamizi, Newala*

Marahaba mwanangu. Hapana, usiwatenganishe. Kwanza, nani anakausha na nani anamenya? Kama vijana wako kwenye tanuri na kina mama wenyeji wako mezani, basi tatizo lako liko hapo katikati. Korosho isiyokauka sawasawa, utando wake hung'ang'ania. Mmenyaji akilazimisha kisu, inapasuka. Ikikauka kupita kiasi nayo hukatika kama biskuti. Anayejua kwa kidole kwamba tanuri limekosea ni yule mama. Asipoongea na kijana wa tanuri, nzima nyeupe za daraja la W320, zile 300 hadi 320 kwa ratili, zinaishia kwenye ndoo ya vipande.

Mimi nilisimamia kiwanda kimoja cha kubangua Lindi na nikafanya hilohilo unalolitaka. Vyumba viwili. Haikupita wiki, kila chumba kina mizani yake na maneno yake: wale wanapendelewa, sisi tunapunjwa. Kilichoniokoa ni kuitoa mizani uani, kila mtu aone namba, na pale kwenye mizani ni Kiswahili tu. Kimakonde kitamu, nakubali, lakini mtu ukimpimia ujira kwa lugha asiyoijua ataona anaibiwa hata kama haibiwi. Na utani wenu huo! Mgeni hana mtani hapo. Yeye anasikia tusi.

Kuhusu walioaga: mwaka 1991 watafiti Meyer na Allen walitofautisha mfanyakazi anayebaki kwa kuipenda kazi, anayebaki kwa kukosa pa kwenda, na anayebaki kwa kuona ana deni. Nahofia hao wanne waliobaki ni wa kukosa pa kwenda. Wa namna hiyo utamkuta kazini kila asubuhi, ila korosho ikivunjika haimuumi.

Bosi naye mkumbushe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila au mahali alikotoka. Vyumba hivyo vitamponza.

Jumatatu mhamishie kijana mmoja mezani, amenye wiki nzima, na mama mmoja aende tanurini. Chakula waache. Mimi niliwalazimisha wale pamoja, wakaanza kuja na mihogo mifukoni.