Je, umaskini pekee ndio chanzo cha ugaidi?

Ndugu yangu, umeuliza kama umaskini pekee ndio unaozaa ugaidi. Sikubaliani nawe kikamilifu, kwani maskini ni wengi na wanaoshika bunduki ni wachache mno. Osama bin Laden mwenyewe, kiongozi wa al-Qaeda, alizaliwa katika familia ya matajiri. Ufukara humrahisishia kazi anayesajili vijana, lakini anachowauzia ni itikadi iliyochanganywa na manung'uniko ya kweli. Hapa kwetu Lamu, wapiganaji wa Al-Shabaab kutoka Somalia walipoua zaidi ya watu 60 Mpeketoni na vijiji jirani mwezi Juni 2014, walitaja kuwepo kwa jeshi la Kenya nchini Somalia na, papo hapo, wakachokonoa kidonda cha zamani cha ugomvi wa ardhi.

Ama athari, usihesabu maiti tu, maana gaidi huua wachache ili wengi waogope. Ilipowekwa kafyu baada ya mashambulizi hayo, mvuvi aliyezoea kutoka na jarife, yaani wavu mkubwa, magharibi na kurudi alfajiri alibaki barazani akishona nyavu ambazo wala hazikuwa zimechanika, huku nyumba za wageni za Shela, kijiji cha watalii kisiwani Lamu, zilizokwisha kutikiswa na utekaji nyara wa raia wa kigeni mwaka 2011, zikizidi kukosa wageni.