Usiandike "maumivu" kabla hujajua kilipimwa nini

Mkuu, futa hiyo aya ya pili uliyobandika kabla msimamizi wako hajaiona. Umeandika kwamba faibroblasti, hizi seli za tishu unganishi, "husababisha maumivu ya mgongo kwa wakulima wa tumbaku Urambo", ukategemea makala tatu. Moja ni ya seli zilizooteshwa kwenye sahani ya maabara, nyingine ya panya, ya tatu ya magoti ya wagonjwa wa baridi yabisi. Hakuna iliyogusa mgongo wa mtu.

Nawalaumu wanaowafundisha wanafunzi kusoma muhtasari na kuchukua sentensi ya mwisho. Wanawaharibia watu kazi ya mwaka mzima! Ukweli wote uko kwenye sehemu ya mbinu.

Kwa kila makala, jaza jedwali kabla hujaandika sentensi yoyote: seli zilitoka wapi (ngozi, utando wa kiungo, au fashia, yaani utando unaofunika misuli), kiumbe gani, jinsia gani, na kilipimwa nini hasa. Faibroblasti za ngozi hazifanani na za kiungo. Zaidi ya hapo, sahani ya plastiki ni ngumu kupita kiasi ukilinganisha na tishu laini, na ugumu huo wenyewe huzisukuma seli kugeuka miofibroblasti, yaani faibroblasti zinazojikunja na kuvuta tishu, kana kwamba kuna kidonda cha kuziba. Kwa hiyo "seli zilizoamshwa" huenda zimeamshwa na sahani. Angalia kama waliziotesha kwenye jeli laini.

Kwa panya, mara nyingi wanabonyeza wayo kwa uzi wa nailoni na kuangalia ni uzito gani unaomfanya aurudishe mguu. Hicho ni kitendo cha kujihami. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, katika maelezo yake ya mwaka 2020, kinatenganisha kabisa maumivu na ishara za neva. Basi andika "panya waliondoa mguu mapema zaidi", usiandike "panya waliumwa zaidi".

Mfano ni protini ya NGF, inayokuza neva. Faibroblasti za kiungo zikichokozwa na kemikali za uvimbe huitoa, na panya akidungwa NGF huwa mwepesi kuhisi. Ukiishia hapo utaandika "izuieni NGF, mambo yamekwisha". Kwa binadamu, dawa ya tanezumab ilifanya hivyo hasa: ilipunguza maumivu ya goti, lakini viungo vya baadhi ya wagonjwa viliharibika haraka, na mwaka 2021 watengenezaji wakaiacha. Sahani isingekuambia hilo kamwe.

Na mshale wako mmoja, wa kwamba seli ndizo huchokoza neva, uufanye wa pande mbili. Neva nazo hutoa CGRP na dutu P, kemikali za kupeleka ujumbe, ambazo hubadilisha mwenendo wa faibroblasti. Kwa mtu ambaye tayari anaumwa, kipimo cha siku moja hakikuambii nani alianza.

Kuhusu makala kamili, jaribu PubMed Central, hifadhi ya bure ya makala za tiba mtandaoni, na uulize maktaba ya chuo kama ina Hinari, mpango wa WHO wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya. Ukichuja "binadamu tu" kwenye PubMed, ile injini ya kutafuta makala za tiba, makala mpya ambazo hazijawekewa lebo zitapotea, kwa hiyo chuja kwa macho.

Anza na hizo tatu ulizonazo. Ile ya panya, nenda moja kwa moja kwenye mbinu uangalie kama walitumia madume peke yao.