Nimestaafu, Shemeji Anataka Ninunue Basi

Dada mshauri, salamu. Nina miaka 60. Nimestaafu miezi 4 iliyopita baada ya kusimamia stoo ya kiwanda kwa miaka 31, na kiinua mgongo kimeshaingia. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ananihimiza ninunue basi dogo la abiria. Litameza karibu sehemu 8 kati ya 10 za fedha zangu, ila anasema ndani ya mwaka mmoja litakuwa limerudisha bei yake. Watoto wanasema niziache benki, nipumzike. Mimi kila siku naamka saa 11 alfajiri kama zamani, navaa viatu, kisha nakumbuka sina pa kwenda. Nimesikia duka moja la jumla linatafuta mtu wa kuhesabu mali siku 2 kwa wiki, lakini mwenye duka ni kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Watu watanionaje? Mke wangu bado sijamwambia nimelipwa kiasi gani. – Mstaafu wa Stoo

Kaka yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye hivyo viatu.

Umeniuliza habari za fedha, lakini kinachokuamsha saa 11 si fedha. Kwa miaka 31 watu walikungoja ufungue mlango wa stoo ndipo kazi yao ianze. Leo hakuna anayekungoja. Hilo ni pigo, na mtu aliyepigwa hivyo hutamani kununua kitu kikubwa ili walimwengu wajue bado yupo. Nahofia basi hilo ndilo kitu chenyewe.

Tulipigie hesabu kama ambavyo ungeupigia mzigo unaoingia stoo. Tuseme litafanya kazi miaka 5 kabla ya kuchoka. Basi kila mwezi, kwa miezi 60, inabidi utenge sehemu moja ya 60 ya bei yake ili siku likifa uweze kununua jingine. Hapo hujalipa dereva, mafuta, matairi, bima wala vibali, na hujahesabu siku litakazolala gereji huku ukidaiwa fedha ya spea. Na ili lirudishe bei yake ndani ya mwaka mmoja, faida safi ya kila mwezi lazima iwe sehemu moja ya 12 ya bei hiyo. Mwombe shemeji akuonyeshe daftari la basi linalofanya hivyo miezi 12 mfululizo. Sisemi anakudanganya, huenda anaamini kabisa anachosema. Ila wewe hujawahi kufanya biashara ya magari hata siku moja, na mwenye gari asiyelijua gari lake hupokea kile tu ambacho dereva ameamua kumpelekea.

Watakuja na wengine, maana habari za kiinua mgongo husambaa. Atakayekuahidi faida kubwa ya haraka bila wewe kufanya lolote, mkimbie. Mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu asilimia 50 ndani ya siku 45, na waliotangulia aliwalipa kwa fedha za waliofuata. Mchezo huo haujabadilika mpaka leo.

Watoto wako wanakupenda, lakini nao kuna jambo limewapita. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, katika miaka 12 hivi vitu vitakuwa vimefika bei maradufu. Wewe una miaka 60 na unaamka alfajiri bila kuamshwa. Huenda bado una miaka 25 mbele yako. Fedha unayochota tu bila kuongeza itakuishia ukiwa bado hai. Kwa hiyo hamu yako ya kufanya kazi ni ya haki kabisa. Ninachokataa ni kuanza na mtaji wakati una kitu cha kuuza kisichohitaji mtaji.

Wewe unajua kuhesabu mali na kuilinganisha na leja. Unajua kwamba kilichoingia kwanza kitoke kwanza, unajua kuona bidhaa inayokaribia kuisha muda kabla haijawa hasara, unajua ukiangalia kadi ya bidhaa kwamba mahali fulani kuna mkono unaochota. Maduka ya dawa, shule za bweni, wenye maghala madogo, wote hao wanapoteza mali kila mwezi na hawajui inapopotelea. Hawawezi kumwajiri mtu wa stoo mwezi mzima, lakini siku 2 wanazimudu. Wapigie waliokuwa wakikuletea mizigo kiwandani. Usiwaambie "nitafutieni kazi," kwani neno hilo humchosha anayelisikia. Waambie: nahesabu mali, nafunga hesabu ya mwisho wa mwezi, naweza kuja Alhamisi. Na usifanye bure ili wakuone; kazi ya bure huendelea kuwa ya bure.

Sasa kijana wa duka la jumla. Kaka, wewe ndiye uliyemfundisha, na amefika mahali pa kuwa na duka lake. Kuna mwalimu asiyetamani hilo? Nenda, ila nenda kwa mapatano. Mwandikiane siku, saa, malipo, nauli, na itakuwaje ukiugua. Mkubaliane pia nani ana neno la mwisho, nalo ni lake. Ukiona kosa mbele ya wafanyakazi wake, nyamaza, umwambie mkiwa wawili. Usipoweza hilo usiende, maana mtaharibu uhusiano wa miaka mingi kwa sababu ya rafu moja iliyopangwa vibaya. Kabla ya kutia saini, uulize mfuko wako wa pensheni kama kipato kipya kinagusa malipo yako ya kila mwezi, na uulize habari za kodi.

Biashara yako mwenyewe inaweza kuja baada ya mwaka, kutokana na kazi hii, ukiwa umeona kwa macho yako bidhaa gani inatoka na ipi inalala. Hapo utatia fedha ambayo hata ikipotea yote hutalala njaa. Marehemu baba yangu alipostaafu alifungua duka la vifaa vya ujenzi kwa fedha yake yote. Ndugu walikuja kukopa misumari na saruji, naye hakuwa na ulimi wa kusema hapana. Nyumbani tukipungukiwa, tulichota kwenye droo ya duka. Miezi 14 tu, rafu zikabaki tupu. Hatukumwibia, tulikuwa familia yake, na bado naumia nikikumbuka. Fedha ya biashara iwe na akaunti yake, na wewe mwenyewe ujilipe mshahara uliopangwa.

Nimeacha mwisho jambo linalonisumbua kuliko basi. Mkeo umemtaja mara mbili tu: dada wa shemeji, na mtu asiyejua umelipwa kiasi gani. Mwambie leo usiku, kiasi chote, na karatasi mezani. Kisha shemeji mjibuni pamoja, kwa upole: mwaka huu wa kwanza hatununui chochote kikubwa. Dadake mwenyewe akimwambia hivyo, shemeji hatakuwa na wa kumzunguka.

Na Jumatatu ukiamka saa 11 ukavaa viatu, usivivue. Nenda ukamwone kijana wako kabla wateja hawajajaa.