Kwa nini parachuti peke yake halitoshi kushusha rova Mirihi

Mkuu, umeuliza kwa nini NASA wajitese kushusha gari Mirihi kwa kamba wakati parachuti lipo, na kwa nini wasiliongoze kwa rimoti kutoka huku Duniani. Nafundisha fizikia sekondari, na kwenye klabu yetu ya sayansi maswali haya hayaishi, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

La rimoti ni jepesi. Rova ya NASA iitwayo Perseverance, yaani gari la utafiti lisilo na dereva, ilipotua Mirihi tarehe 18 Februari 2021 (kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa sita kasoro dakika tano usiku), mawimbi ya redio yalichukua zaidi ya dakika 11 kutoka Mirihi hadi kwetu. Safari ya kuingia kwenye angahewa mpaka kugusa ardhi ni dakika 7. Maana yake, wahandisi walipopata taarifa kwamba chombo ndiyo kinaingia, kule kilikuwa kimeshatua au kimeshasambaratika. Kompyuta iliyomo ndani ndiyo inayoamua kila kitu.

Sasa parachuti. Kanieneo (presha) ya hewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya ile ya kwetu. Hewa hiyo inatosha kukuunguza ukiingia kwa kilomita 19,500 kwa saa, ngao ya joto ikafika nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi, lakini haitoshi kukusimamisha. Parachuti la Perseverance lilikuwa na kipenyo cha mita 21.5, na bado lilishusha mwendo hadi kama kilomita 320 kwa saa tu.

Hapa huwa nawapa wanafunzi hesabu ubaoni. Ukinzani wa hewa hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo ukitaka kushuka polepole mara 10 zaidi, eneo la parachuti lazima liwe mara 100, yaani kipenyo mara 10. Wakipiga wanapata mita 215, viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa kwa urefu. Na hapo gari bado linashuka kwa kilomita 32 kwa saa! Darasa zima huanza kubishana, na mimi nafurahi, kwa sababu sasa wanajua tatizo lilipo.

Rova za awali za NASA, Spirit na Opportunity, mwaka 2004 zilimalizia kwa mifuko ya hewa, zikadundadunda mpaka zikatulia. Zile kila moja ilikuwa na kilo 180 na kitu. Perseverance ina kilo 1,025, mifuko haiwezi. Roketi nazo zikiwaka karibu na ardhi zinachimba mashimo na kurusha mawe kwenye vifaa. Ndiyo maana mtambo wa roketi wenye injini 8 ulibaki juu, ukateremsha gari kwa kamba za mita 6.4 hivi, magurudumu yakagusa chini kwa kilomita 2.7 kwa saa, kamba zikakatwa na mtambo ukaenda kuanguka mbali.

Ila kwa maoni yangu ugumu mkubwa kuliko yote ni chombo kujua kipo kimo gani. Kifuatilie Schiaparelli, chombo cha Ulaya kilichojaribu kutua Mirihi Oktoba 2016. Ngao ilifanya kazi, parachuti likafunguka vizuri. Kisha kifaa cha kupima mzunguko kikazidiwa kwa muda wa kama sekunde moja, na kompyuta ikaamini kosa hilo. Ikapiga hesabu ikapata kimo hasi, yaani chombo kiko chini ya ardhi! Ikaachia parachuti, ikawasha roketi sekunde chache ikazizima, wakati ukweli ni kwamba kilikuwa bado juu karibu kilomita 3.7. Kikaanguka kama jiwe. Kisa hiki kinaniuma kila nikikisimulia, maana hakuna bati lililopasuka wala kamba iliyokatika.

Perseverance iliongezewa jicho: kamera ilipiga picha za ardhi wakati wa kushuka, kompyuta ikazilinganisha na ramani iliyobebwa, ikachagua penye usalama ndani ya kreta (shimo kubwa la duara) ya Jezero, ambako kuna miamba na matuta mengi.

Mkuu, itafute video halisi ya kutua huko, iliyopigwa na kamera za chombo chenyewe. Angalia vumbi sekunde za mwisho, halafu fikiria injini zile zingekuwa zimefungwa kwenye gari lenyewe. Ukishaitazama rudi hapa tuendelee na suala la kushusha watu, maana wao watahitaji tani nyingi, si moja.