Maswali yenu ya picha za wadudu: fokasi, flashi na maji moto

Tangu niweke ile picha ya panzi mchanga juu ya jani la mchicha meseji hazijakatika, nyingi mnauliza mnunue lenzi gani. Nimechukua chache, zingine zinafanana kwa hiyo mtajikuta humuhumu.

Swali: Shikamoo dada. Nimejikusanya mpaka nikanunua lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100, ila nikipiga sisimizi jicho linatoka shapu halafu mgongo wote ukungu. Nimeuziwa feki?

Marahaba mdogo wangu, lenzi yako nzima kabisa. Makro ya 1:1 maana yake mdudu wa milimita 10 anatua milimita 10 zilezile kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha, na ukimsogelea kiasi hicho ile sehemu inayokaa kwenye fokasi inakuwa nyembamba mno, kwa kamera ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa, ukiwa f/2.8, tundu la lenzi limefunguka sana, haifiki hata nusu milimita, ukifunga tundu mpaka f/11 unapata milimita moja na kidogo tu. Kwa hiyo nenda f/11, lakini usikimbilie f/32 kwa sababu tundu likiwa dogo sana mwanga unatawanyika na picha nzima inalegea. Afu usimpige kwa mbele kama picha ya pasipoti, mpige ubavuni, mwili wake uwe sambamba na sensa, hapo kichwa, kiuno na tumbo vyote vinaingia. Autofokasi zima. Weka fokasi kwa mkono, iache hapohapo, wewe mwenyewe ndo uyumbe mbele nyuma taratibu huku unabonyeza. Kwenye picha 30 ukipata 2 nzuri, umefanya kazi.

Swali: Nikiwasha flashi mbawakawa anang'aa kama bati, nikizima picha inakuwa giza. Nifanyeje?

Iwashe, ila ilainishe. Kwenye 1:1 ile f/11 yako kwa upande wa mwanga inafanya kazi kama f/22, ndo maana giza. Ile sponji nyeupe nyembamba wanayofungia TV mpya usiitupe, kata kipande kama karatasi ya A4, kifunge kikae mbele ya flashi kikiinama kumfuata mdudu, kiwe karibu naye kadiri inavyowezekana bila kumgusa, maana ikisogea karibu mwanga unakuwa mpana kwake na ule mng'ao mkali unageuka rangi. Kwangu hiki kipande kina thamani kuliko lenzi, nasema kwa dhati.

Swali: Nina kamera ya kawaida na lenzi ya 18-55, hela ya makro sina.

Tafuta pete ya kugeuzia lenzi, bei yake ndogo, unaifunga mbele kwenye nyuzi za filta halafu lenzi inakaa kinyumenyume kwenye kamera. Ukizungusha zumu kwenda 18 ndo mdudu anakuwa mkubwa zaidi, kinyume na ulivyozoea, kwa hiyo anzia 55. Utamkaribia sentimita 4 au 5 hivi, na kile kioo cha nyuma kitakuwa nje kwa hiyo vumbi lichunge.

Swali: Niko Pemba, kwenye mkarafuu wa babu wamejaa maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani. Naweza kuwapiga bila kuumia?

Hili nimelifurahia mno. Usipige kiota kilichomalizika, tafuta tawi wanalojenga sasa hivi. Utaona wamejipanga kwenye ukingo wa jani, wanavuta jani la pili lije, na likiwa mbali wanashikana viuno mmoja nyuma ya mwenzake mpaka wanakuwa mnyororo. Majani yakikutana wanakuja wengine wamebeba lava mdomoni, yaani mtoto wao ambaye bado ni kama funza, mweupe, wanamgusisha jani hili, kisha lile, hili, lile, na kila akigusa anatoa uzi wa hariri, yaani mtoto ndo sindano na uzi kwa pamoja! Hiyo ndo picha ya kuingojea hata saa nzima. Suruali ichomeke kwenye soksi, usisimame chini ya tawi, na usiwapulizie pumzi, maana wakishtuka wanang'ata na kumwagia asidi palepale walipong'ata. Upepo ukitikisa, chomeka fimbo ardhini na ushike tawi kwa kibanio cha nguo. Na naomba kiota usikichane ili kuona ndani. Hao kwenye minazi ndo wanaofukuza yule kunguni anayeangusha nazi changa.

Swali: Nasikia ukimweka mdudu kwenye friji dakika chache anatulia. Kweli?

Anatulia kwa sababu ya baridi, na mi sifanyi na sikushauri. Wengine hawaamki. Hata picha inaonesha, miguu imejikunja vibaya. Amka saa kumi na moja alfajiri, utawakuta kwenye majani wamepoa wenyewe kwa sababu joto lao wanalipata nje, wana umande mpaka kwenye macho, na utapata muda mpaka jua liwapashe.

Swali: Dada niko Mbita, huku ziwani. Kwa ukuta wetu kuna kabuibui kanaruka, kana uso mwekundu. Nikaue?

La hasha! Inawezekana ni Evarcha culicivora, buibui mrukaji wa huko kwenu kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, mwenye urefu kama milimita 5, na chakula anachokipenda ni mbu jike aliyeshiba damu. Shuka mpaka usawa wa macho yake, yako 8 lakini mawili ya katikati mbele ni makubwa, fokasi iwe hapo, na utulie, maana hawa hugeuka wenyewe kukuangalia. Ukimpata nitumie, nataka sana kuuona huo uso.